Farasi Anapokataa Kona ya Kulia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ungali juu ya nyasi za Lang'ata, farasi mmoja wa rangi ya hudhurungi anazungushwa uwanjani. Kwa miaka mitatu amekuwa farasi wa kutumainiwa: anaruka viunzi, anabeba watoto wanaojifunza kupanda, hana mateke. Wiki hizi mbili amebadilika. Akielekezwa kushoto anaingia kanta, ule mwendo wa juu ya troti, bila tabu. Akigeuzwa kulia anatupa kichwa, anapigapiga mkia, anakimbiza troti ya harakaharaka badala ya kupanda kanta, na juzi alirusha miguu ya nyuma hewani. Mpandaji ameongeza fimbo. Mwalimu anapendekeza lijamu kali zaidi. Mwenye farasi anasema huu ni ukaidi, labda nafaka imezidi.

Kando ya uzio yuko saisi mwenye ufagio. Anayo habari ambayo hajaulizwa. Karibu mwezi mzima sasa, kila anaposafisha kwato, farasi huyu anautoa mguu wa nyuma wa kulia vizuri, kisha anaunyakua na kuukanyagisha chini kabla kazi haijaisha. Mguu wa kushoto hana shida nao. Mwanzoni saisi alishangaa. Baadaye alizoea.

Mtu yeyote aliyekaa na farasi wa kupanda, awe Karen, Nanyuki, Gilgil au Arusha, amewahi kuona sura ya kisa hiki. Na kisa chenyewe kina mashahidi wawili wanaosema jambo moja. Farasi anayetoa mguu wa kulia hana budi kubeba kiuno chote kwa mguu wa kushoto. Kanta ya kulia nayo huanza kwa mguu wa nyuma wa kushoto: huo ndio unaokanyaga peke yake katika pigo la kwanza na kuusukuma mwili mzima mbele. Mguu unaouma, basi, huenda ni ule ambao hakuna aliyeulalamikia. Fimbo na lijamu vinajibu swali ambalo farasi hakuuliza.

Tatizo dogo la mguu wa mbele hujitangaza. Farasi akikanyaga mguu unaouma huinua kichwa, akikanyaga mzima hukishusha, na hata mtoto mwenye macho makini anaweza kujifunza kuona kutikisika huko. Nyuma mambo ni tofauti. Farasi aliyesimama hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na asilimia 40 kwa miguu ya nyuma, kwa hiyo miguu ya nyuma ni ya kusukuma zaidi kuliko kubeba. Maumivu yake mara nyingi hayaji kama kuchechemea. Yanakuja kama uvivu, kama hasira wakati wa kufunga tandiko, kama kuanguka kutoka kanta hadi troti bila kuombwa, kama farasi aliyekuwa mtamu mlimani ambaye sasa anapanda kwa kukata kushoto na kulia.

Kuna mtego mwingine unaowaponza hata wazoefu. Katika troti, mwendo ambao Waswahili wa zamani waliuita matiti, miguu hukanyaga kwa jozi za mshazari: nyuma kushoto pamoja na mbele kulia, halafu kinyume chake. Farasi mwenye maumivu nyuma kushoto hutupa uzito mbele kwa kushusha kichwa pale jozi hiyo inapokanyaga. Mtazamaji anaona kichwa kikishuka mguu wa mbele wa kulia unapogusa ardhi, na kupanda wa kushoto unapogusa. Anahitimisha kwamba mbele kushoto kunauma. Miguu ya mbele imechunguzwa, imepigwa picha, imebadilishwa viatu, huku kisa kikiwa nyuma, upande uleule.

Na ikiwa miguu yote miwili ya nyuma inauma? Hapo hakuna tofauti ya kuona kabisa. Farasi anaenda sawasawa, anaenda vibaya pande zote mbili.

Si aibu kushindwa kuona. Mwaka 2010 Kevin Keegan wa Chuo Kikuu cha Missouri na wenzake walichapisha utafiti ambamo madaktari wa farasi wenye uzoefu walitazama farasi walewale na kutoa hukumu kila mmoja peke yake. Tatizo lilipokuwa kubwa walikubaliana karibu kila mara. Lilipokuwa dogo, walikubaliana iwapo mguu fulani una tatizo au hauna kwa takriban asilimia 62 tu ya mara. Kurusha sarafu kungewakaribia. Uingereza, watafiti Line Greve na Sue Dyson waliwakagua farasi 506 waliokuwa kazini na ambao wenye farasi waliwaamini kuwa wazima, wakakuta kwamba karibu nusu yao, asilimia 46, walikuwa wakichechemea au wakienda kwa ugumu usio wa kawaida. Hao ni farasi waliokuwa wakiendelea kupandwa.

Hata farasi anayetazamwa na dunia nzima anaweza kufika uwanjani na mguu usiokuwa sawa. Totilas, dume jeusi lililoweka rekodi ya asilimia 92.30 katika mchezo wa dresaji jijini London mwaka 2009, alishiriki mashindano ya Ulaya mjini Aachen Agosti 2015. Watazamaji waliona hatua zake za nyuma haziko sawa, ubishi ukawaka. Uchunguzi uliofuata ulikuta uvimbe ndani ya mfupa wa mguu wa nyuma wa kushoto, na hakushindana tena. Kama farasi mwenye kundi zima la wataalamu anaweza kufika huko, farasi wa shule ya kupanda anayetazamwa na mtu mmoja mwenye ufagio anahitaji utaratibu, si bahati.

Utaratibu huo huanza kabla tandiko halijatolewa ghalani. Farasi hupumzisha mguu mmoja wa nyuma kwa kuukunja na kusimamia ncha ya ukwato, na hiyo ni kawaida. Kisichokuwa kawaida ni kupumzisha mguu uleule kila siku na kukataa kubadilisha. Saisi aangalie hilo asubuhi tatu mfululizo, kabla farasi hajajua kwamba kuna kazi. Kisha asimame nyuma yake, umbali usiofikiwa na teke, farasi akiwa amesimama sawa kwenye sakafu ngumu, na alinganishe misuli ya kiuno na mapaja. Upande usiotumika hupungua. Tofauti yake huonekana vizuri zaidi kwa mtu aliyepanda juu ya ndoo na kutazama kwa juu kidogo, mkia ukiwa umenyooshwa katikati.

Kwato nazo zinaeleza. Ncha iliyolika upande mmoja, au kiatu kilichoisha mbele huku nyuma yake kingali kipya, ni dalili ya mguu unaoburutwa. Kwenye barabara ya changarawe mburuto huo unasikika: farasi akitembea, hatua moja kati ya nne ina sauti ndefu kuliko nyingine. Wapo masaisi wanaotambua farasi wao kwa sauti gizani. Sikio la namna hiyo lina thamani kubwa hapa.

Halafu mikono. Kiganja kishuke polepole kutoka kiunoni hadi ukwatoni, mguu mmoja kisha mwingine, kikitafuta joto, uvimbe, au mahali ambapo ngozi inarukaruka. Hoki, kile kiungo kikubwa cha katikati kinachokunjika kuelekea nyuma, ndicho kifundo cha mguu cha binadamu. Goti halisi la mguu wa nyuma liko juu, karibu na tumbo, ndiyo maana wengi hulisahau. Likivimba, mtu aliyezoea kulipapasa anahisi kama mfuko mdogo wa maji kati ya kano. Kulipapasa kila siku farasi akiwa mzima ndiko kunakomwezesha mtu kulijua likibadilika.

Baada ya hapo farasi atembezwe, halafu atrotishwe kwa kamba, mstari ulionyooka, ardhi ngumu na sawa, kamba ikiwa imelegea ili kichwa kiwe huru. Mtazamaji asimame nyuma. Njia rahisi inayosaidia jicho ni kubandika vipande viwili vya plasta nyeupe juu ya mifupa ya nyonga, kulia na kushoto, na kupiga video kwa simu iliyoshikwa kwa urefu wa kiuno. Video ikichezwa taratibu, plasta ya upande wenye tatizo kwa kawaida husafiri zaidi, juu na chini, kuliko ya upande mzima. Kisha mzunguko mdogo, pande zote mbili, mara moja kwenye ardhi ngumu na mara moja kwenye mchanga. Tatizo la kiungo mara nyingi hujionyesha zaidi palipo pagumu, la kano palipo laini, ingawa si kanuni isiyovunjwa.

Ufunguo ni kurudia. Video moja haisemi mengi. Video nne za Jumamosi nne, barabara ileile, saa ileile, zinasema mengi kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, kwa sababu jicho huzoea kasoro inayokua polepole.

Yapo mambo ambayo hayaonekani mpaka mtu apande. Sue Dyson na wenzake, ambao walikuwa wakifanya kazi Newmarket, walichapisha mwaka 2018 orodha ya tabia 24 za farasi anayepandwa: masikio yaliyolala nyuma kwa zaidi ya sekunde tano, jicho linalokodolea mbali, kinywa kinachofunguka na kufumba, kichwa kinachoinama upande, mkia unaopigapiga, kuingia kanta kwa mguu usiofaa, kuburuta ncha za kwato za nyuma, kukataa kwenda mbele, kurusha mateke, kuinuka wima. Farasi mwenye tabia nane au zaidi kati ya hizo kuna uwezekano mkubwa ana maumivu ya misuli, mifupa au viungo. Ubora wa orodha hii ni kwamba haihitaji jicho la daktari. Mwalimu anaweza kukaa na karatasi kwenye uzio kwa dakika kumi akaweka alama. Na msomaji atatambua kwamba karibu kila tabia iliyomo ni ileile ambayo kizazi baada ya kizazi cha wapanda farasi kimeiita jeuri.

Tandiko linaloteleza ni dalili inayostahili aya yake. Likienda upande mmoja, mpandaji hulaumu mkanda, au hujilaumu kwamba anakaa vibaya, au fundi wa matandiko huitwa. Greve na Dyson waliwachunguza farasi 128 na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Kati ya 71 waliokuwa na tatizo la mguu wa nyuma, 38 walikuwa wakitelezesha tandiko upande mmoja kila mara, ilhali kati ya 26 wenye tatizo la mbele ni mmoja tu. Mara nyingi liliteleza kuelekea upande wa mguu mbovu. Mguu ulipotiwa ganzi na maumivu kuondoka, tandiko lilikaa mahali pake kwa asilimia 97 ya farasi hao, bila mtu kugusa mkanda.

Mpandaji anacho kipimo kingine mwilini mwake. Katika troti ya kunyanyuka na kuketi, anayeketi huketi kila mara jozi ileile ya miguu inapokanyaga. Abadilishe upande. Ikiwa jozi moja inamrusha juu na nyingine inamwangusha, ikiwa farasi anachangamka upande mmoja na kudorora mwingine, hiyo ni habari ya kuandikwa. Jambo hili hupuuzwa kwa sababu farasi hodari humpeleka mpandaji wake upande unaomfaa yeye, na mpandaji baada ya miezi michache hudhani ni mazoea yake mwenyewe.

Kabla ya kuanza kufikiria viungo, mwenye farasi wa Afrika Mashariki ana swali ambalo vitabu vingi vya Ulaya havimkumbushi: je, tatizo ni mguu kweli, au ni damu? Nagana inayoletwa na mbung'o humfanya farasi akonde, avimbe miguu na tumbo la chini, na kuyumbayumba kiunoni, hasa kwa farasi waliokwenda safari kwenye vichaka au kupakana na mbuga. Maradhi ya kupe nayo huleta homa, ufizi uliopauka au wenye manjano, na unyonge unaofanana na uvivu wa nyuma. Kipimajoto kinagharimu kidogo kuliko picha moja ya eksirei, na farasi mtu mzima aliyepumzika anapaswa kuwa kati ya takriban nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi. Tone la damu likienda maabara siku hiyohiyo, mjadala wa hoki unaweza kuahirishwa.

Na lipo moja la kutilia maanani bila mzaha. Kichaa cha mbwa kwa farasi kinaweza kuanza kwa kuchechemea kusikoeleweka au kulegea kwa miguu ya nyuma, halafu hali ikabadilika haraka kwa siku chache. Farasi asiyechanjwa ambaye mwendo wake umeharibika ghafla, na hasa akiwa pia haelewi mazingira, anatoa udenda au anajing'ata, asitiwe mkono mdomoni na mtu yeyote. Atengwe, daktari aitwe, na walioguswa na mate yake watajwe.

Damu ikiwa safi na joto la mwili likiwa sawa, mahali pa kwanza pa kutazama ni chini kabisa. Wenye farasi hupenda kuanzia mgongoni kwa sababu mgongo ndio wanaoukalia. Fundi wa kwato ndiye wa kuulizwa kwanza. Kwato za nyuma zikiachwa ndefu mbele na chini nyuma, mfupa ulio ndani huinama vibaya, kano za nyuma ya mguu na hoki hubeba mzigo usio wao, na kiuno kizima hukaza. Nairobi ina adui wa ziada: udongo mweusi wa Lang'ata na Athi, ambao wakati wa masika hung'ang'ania kiatu mpaka kinang'oka na kipande cha ukwato, na wakati wa kiangazi hupasuka na kuwa mgumu kama saruji, wenye mashimo ya kutegua kifundo. Ratiba ya fundi isizidi wiki tano au sita, hata farasi akionekana sawa. Mwenye farasi anayesukuma hadi wiki ya tisa ili aokoe malipo ya ziara moja, hulipa baadaye kwa njia nyingine.

Juu ya ukwato kuna washukiwa wanne wa kawaida.

Hoki hushika nafasi ya kwanza. Sehemu yake ya chini imeundwa kwa mifupa midogo iliyopangana kama sahani, yenye mwendo mdogo sana kati yake, na hapo ndipo yabisi huanza. Farasi wa umri wa kati anayeanza siku akiwa mgumu na kulainika baada ya dakika kumi na tano ni picha yake ya kawaida. Si hukumu ya kifo. Viungo hivyo vya chini vinaweza hatimaye kushikana kabisa na maumivu yakapungua, na kwa kuwa havikuwa na mwendo mkubwa tangu awali, farasi anaweza kuendelea na kazi ya wastani. Farasi huyu huhitaji kutembea kila siku. Kumfungia bandani kunamkaza.

Mshukiwa wa pili anahitaji kinyume chake. Nyuma ya mfupa mrefu unaoanzia chini kidogo ya hoki hushikizwa kano nene inayobeba kifundo cha chini. Ikiumia pale juu, mara nyingi hakuna uvimbe wala joto la kushikika, kwa sababu imefunikwa na mifupa pembeni na kano nyingine nyuma. Farasi wenye hoki zilizonyooka sana na vifundo vinavyoshuka chini mno wamo hatarini zaidi. Mapumziko peke yake huwa hayatoshi kwa jeraha la nyuma kama yanavyoweza kutosha kwa lile la mbele, na kurudi kazini mapema humrudisha farasi pale alipoanzia. Ikiwa kuna jeraha moja ambalo kubahatisha kunalifanya la kudumu, ni hili.

Goti, la tatu, lina tabia yake. Kwa farasi mchanga au asiye na misuli, mfupa wa pia hunasa juu na mguu hubaki nyuma umenyooka kwa nukta moja, kisha huachia kwa mkwaruzo. Wengi hupona kwa kazi ya kujenga mapaja: mistari iliyonyooka, miinuko mirefu ya taratibu, nguzo zilizolazwa chini za kuvuka kwa troti, na duara ndogo chache. Vilima vya Ngong na Limuru ni dawa ya bure kwa farasi wa aina hii, mradi ateremke kwa mwendo wa kutembea. Wa nne ni mgongo pamoja na kiungo kinachoshikanisha nyonga na uti, na mara nyingi maumivu yake ni mwangwi wa mmoja kati ya watatu waliotangulia, kwani farasi anayejikinga mguu hukaza mgongo.

Hapa ndipo daktari anapoingia, na hapa ndipo fedha hupotea au kuokolewa. Jambo la kwanza halina gharama: farasi asipewe dawa ya maumivu kabla ya ziara. Fenilbutazoni, ile ambayo karibu kila banda lina pakiti yake na watu huiita byuti, itazima dalili ndogo asubuhi ileile daktari amesafiri saa mbili kuja kuitazama. Tena si peremende. Ikitolewa kwa muda mrefu bila mwongozo huweza kutoboa vidonda tumboni na utumboni na kuumiza figo, na shindano lolote lenye upimaji wa dawa litaikuta.

Daktari atamtazama farasi akienda, halafu huenda akakunja mguu mzima kwa takriban dakika moja na kumtrotisha papo hapo. Mwenye farasi asifurahi wala kukata tamaa kwa kipimo hicho pekee. Mguu wa nyuma una kano zinazofunga hoki na goti pamoja, hata kimoja hakikunjiki bila kingine, kwa hiyo hatua mbaya baada ya kukunja inasema tu kwamba kuna kitu kati ya nyonga na kifundo. Kinachotenga ni ganzi. Sindano huanza chini, ukwatoni, kisha hupanda hatua kwa hatua, na kila baada ya sindano farasi hutembezwa au hupandwa tena. Pale ambapo tabia zinatoweka ndipo palipokuwa na maumivu. Ni kazi ya nusu siku. Inachosha, na mwenye farasi hushawishika kuiruka aende moja kwa moja kwenye picha. Ashawishike kinyume: picha ya eksirei ya farasi mwenye umri wa miaka 14 karibu daima itaonyesha kitu, na kitu hicho huenda hakiumi. Ganzi ndiyo inayoiambia picha ipigwe wapi, na altrasaundi itafute kano ipi.

Kwa wale walio mbali na jiji, Laikipia au kando ya Mara, daktari wa farasi si wa kupita kila wiki. Zile video nne za Jumamosi zikitumwa kwa simu, pamoja na joto la mwili, tarehe ya kiatu cha mwisho na alama za orodha ya tabia 24, zinaweza kumsaidia daktari kuamua iwapo farasi anaweza kusubiri ziara ya mwezi ujao au anapaswa kusafirishwa. Mpaka jibu lije, kazi ipungue iwe kutembea kwenye ardhi sawa. Asirukishwe ili kuona kama ataweza. Ataweza. Huyu ni mnyama ambaye porini aliyeonyesha udhaifu aliliwa, na ataruka akiwa na maumivu ambayo yangemlaza mtu kitandani. Wanaofuga punda Lamu wanalijua hili vizuri kuliko wapanda farasi wengi: mnyama aliyesimama kimya na mzigo mgongoni hajasema kwamba yuko sawa.

Jibu likishapatikana, sehemu ngumu ni kalenda. Kano huhesabiwa kwa miezi. Mpango wa kawaida huanza kwa kutembezwa kwa mkono dakika chache kila siku, dakika zikiongezwa wiki kwa wiki, kisha kupandwa kwa kutembea tu, kisha troti fupi za mstari ulionyooka, na altrasaundi nyingine kabla ya kanta kurudi. Mtu anayetekeleza mpango huo ni saisi, asubuhi baada ya asubuhi, mwenye farasi akiwa ofisini. Apewe ratiba iliyoandikwa kwa lugha anayoisoma, saa ya mkononi, na mamlaka ya kusimamisha kazi siku anayoona hatua imebadilika. Pasipo mamlaka hayo, atafanya alichofanya yule wa Lang'ata: ataona, atazoea.

Farasi wengi wa kupanda Kenya walianzia uwanja wa mbio wa Ngong, walifunzwa mbio wakiwa na miaka miwili, wakastaafu wakiwa wachanga na kuingia kazi ya pili ya viunzi, polo au safari. Wapo miongoni mwao wanaofanya kazi hiyo hadi baada ya miaka 20. Wapo wasioweza, na kwa hao uamuzi wa haki ni kushusha kazi mapema: kutoka viunzi vya mita moja hadi matembezi ya wanaoanza, au malishoni moja kwa moja kama kutembea nako kunauma. Kumuuza farasi wa namna hii kwa maneno matamu, akiwa amepewa byuti asubuhi ya majaribio, ni ukatili kwa pande mbili, na hufanyika. Faili lake lenye video, tarehe, matokeo ya ganzi na picha za altrasaundi liandamane naye kwa mnunuzi. Juu ya ukurasa wa kwanza wa faili hilo, kabla ya jina la daktari, iandikwe namba ya simu ya saisi aliyekuwa akisafisha kwato zake.